Ganzi ya ukuta wa tumbo kwa upasuaji wa matundu madogo: mwongozo kamili kwa watu wa usingizi wa Mtwara na Lindi

Swali ninaloletewa kuliko yote ni hili: "Nimechoma ganzi ya TAP pande zote mbili, dawa yote imeingia, mgonjwa kaamka analia. Nimekosea wapi?" TAP ni ganzi inayowekwa kwenye tabaka kati ya misuli ya ukuta wa tumbo. Nimeulizwa Mtwara mjini, nimeulizwa Masasi, na juzi nimeulizwa tena Lindi.

Kila ninapomrudisha muulizaji nyuma hatua kwa hatua, mara nyingi tunakuta dawa haikuwa na kosa. Alishika sindano kabla ya kuangalia matundu ya upasuaji yatakuwa wapi, au dawa ilibaki ndani ya msuli badala ya kukaa kati ya misuli. Ndiyo maana nimeandika haya yote kwa urefu.

Mwongozo ni wa waliosomea kazi: maofisa usingizi, wauguzi wa usingizi na madaktari wanaosimama nao thieta. Kama hujawahi kushika probu (kichwa cha ultrasaundi kinachowekwa juu ya ngozi), mara zako za kwanza zifanye pembeni ya mtu aliyezoea.

## Vitu vya kuweka mezani kwanza

- Ultrasaundi yenye probu bapa, ile ya mishipa ya juu juu. Hakikisha betri imejaa, maana umeme ukikatika sindano ikiwa ndani, utabaki gizani.
- Jeli safi, kifuniko cha probu na glovu tasa.
- Sindano butu ya ganzi ya geji 22, urefu wa milimita 80 hadi 100. Usipokuwa nayo, sindano ya ganzi ya mgongo ya geji 22 inafaa, ila ni kali, hupita kwenye tabaka bila kukuambia. Ukiitumia, usisogee hata kidogo bila kuiona ncha yake.
- Mpira mwembamba wa kuunganisha sindano na bomba, uliojazwa maji ya chumvi hadi mwisho. Hewa kidogo ikiingia tumboni picha yote inakuwa nyeupe, na hairudi haraka.
- Dawa ya ganzi: bupivakaini nyepesi ya asilimia 0.5 na maji ya chumvi ya kuichanganya.
- Mabomba ya ml 20 yaliyoandikwa jina la dawa.
- Monita ya moyo, presha na oksijeni, kanula inayopitisha vizuri, oksijeni, mfuko wa kupumulisha, diazepamu au midazolamu, na adrenalini.
- Mafuta ya dripu ya asilimia 20 (lipidi) ya kutibu sumu ya dawa ya ganzi, chupa ya ml 500. Yawe chumbani humo humo, si stoo ya dawa ambayo mwenye ufunguo kaenda kula.

Tahadhari ya bupivakaini: ile ampuli ndogo ya ml 4 tunayotumia kwa wajawazito ni nzito, ina sukari, na imetengenezwa kwa ajili ya uti wa mgongo. Usikusanye ampuli kumi ukadhani umepata dawa ya TAP. Soma kichupa, kisha mpe mwenzako naye asome kwa sauti.

## Hatua ya 1: Soma matundu, ndipo uchague ganzi

Mwulize daktari mpasuaji kabla mgonjwa hajalala: "Unaingilia wapi?" Akuonyeshe kwa kidole. Chora kwa kalamu ukiweza.

Sababu ni hii. Mishipa ya fahamu ya ukuta wa tumbo inatoka mgongoni, inazunguka ubavu, na kuja mbele ikiwa imepangwa kama mistari ya kitenge. Ya kifua namba 6 hadi 9 inahudumia sehemu ya juu, kuanzia chembe ya moyo. Namba 10 inafika kitovuni. Namba 11, 12 na ule wa kwanza wa kiuno zinahudumia chini ya kitovu hadi kinenani. TAP ya ubavuni, ambayo wengi wetu ndiyo tuliyofundishwa, hushika vizuri namba 10 hadi 12. Juu ya kitovu haifiki kwa uhakika.

Sasa fikiria upasuaji wa mfuko wa nyongo. Kwa kawaida kuna matundu manne: moja kitovuni, moja chini ya chembe, mawili chini ya mbavu za kulia. Ukichoma ganzi ya ubavuni, matatu kati ya hayo umeyaacha wazi. Mgonjwa ataamka analia, na ana haki.

Kwa hiyo:

Nyongo na shughuli nyingine za juu: TAP ya chini ya mbavu, pande zote mbili, na kitovu kikipata chake.

Kidole tumbo, uvimbe wa ovari, mirija ya uzazi: ganzi ya ubavuni pande zote mbili, na kitovu kikipata chake.

Kitovu ninakirudia kwa makusudi. Mara nyingi ndilo tundu kubwa kuliko yote, ndiko kamera inakoingilia na ndiko kinyama kinakotolewa. Nacho kiko katikati, mahali ambapo mishipa ya kulia na kushoto inakutana, hivyo upande mmoja peke yake hautoshi.

Niseme pia jambo ambalo baadhi ya wenzangu hawapendi kulisikia. Kama mpasuaji anachoma ganzi vizuri kwenye kila tundu, na mgonjwa amepata parasetamoli, dawa ya jamii ya diklofenaki na deksamethasoni, TAP huongeza nafuu kidogo tu kwa upasuaji wa nyongo usio na matatizo. Itumie pale inapohitajika kweli: mgonjwa asiyefaa diklofenaki kwa sababu ya figo au vidonda vya tumbo, mwenye pumzi fupi ambaye morfini itamlemea, au upasuaji unaotarajiwa kuwa mrefu. Usichome kwa sababu tu mashine mpya imefika.

## Hatua ya 2: Ongea na mgonjwa

Mweleze mambo matatu kwa lugha nyepesi. Kwamba ngozi ya tumbo itakufa ganzi kwa saa kadhaa. Kwamba maumivu ya ndani kabisa, yale ya kukata kama ya hedhi, hayaondolewi na sindano hii, yana dawa zake. Na kwamba bega linaweza kuuma kwa siku moja au mbili kwa sababu ya hewa ukaa iliyojazwa tumboni. Inasumbua kiwambo (msuli wa kupumulia ulio kati ya kifua na tumbo), na mshipa wa kiwambo unatokea shingoni jirani na ile ya bega.

La bega usiliruke. Nimemwona mama mmoja amekaa macho usiku kucha akiamini moyo wake umepigwa, kwa kuwa hakuna aliyemwambia.

Usichome akikataa, akiwa na mzio wa dawa za ganzi, au kukiwa na jipu au ngozi iliyoharibika pale pa kuchoma. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, jadili na mpasuaji kwanza. Papasa ini: kama limevimba na kushuka chini ya mbavu, sindano ya upande wa kulia inaweza kulifikia.

## Hatua ya 3: Hesabu dawa kwa kilo, na mwingize mpasuaji kwenye hesabu

Mpime mgonjwa kwenye mzani. Kukadiria kwa macho ndiko kunakoleta msiba.

Kikomo ninachofuata ni mg 2 za bupivakaini kwa kila kilo, pande zote na matundu yote kwa pamoja. Asilimia 0.5 ina mg 5 kwa kila ml.

Chukua mama wa kilo 48. Kikomo chake ni mg 96. Vuta ml 19 za asilimia 0.5, ambazo ni mg 95. Ongeza maji ya chumvi ml 21. Umepata ml 40 za kugawa. Dawa imepungua ukali lakini ujazo umeongezeka, na hilo ndilo unalolitaka: ganzi hii hufanya kazi kwa kutandaa kwenye tabaka. Chini ya ml 15 kila upande haitandai ya kutosha.

Hapa ndipo pana mtego. Umemaliza kuchoma, kitambaa kimetandikwa, mpasuaji anaomba "lignokaini kidogo", dawa nyingine ya ganzi, ya kwenye tundu. Anapewa bomba la ml 10 la asilimia 2. Hizo ni mg 200. Kikomo cha lignokaini isiyo na adrenalini ni mg 3 kwa kilo, yaani mg 144 kwa mama yetu. Amepitiliza kwa lignokaini peke yake, na bupivakaini yako imejaa tayari. Sumu za dawa hizi mbili hujumlishana, hazisubiriani.

Kwa hiyo sema kwa sauti kabla ya kisu: "Daktari, kikomo cha ganzi kimefika, usiongeze." Au gawaneni tangu mwanzo: wewe utumie ml 30 za mchanganyiko wako, yeye umwachie ml 10 zilizobaki kwa ajili ya kitovu. Mimi napenda njia hii ya pili. Bomba ni moja, hesabu ni moja, na hakuna anayeshangazwa.

## Hatua ya 4: Chagua wakati

Choma mgonjwa akishalala, kabla ya tundu la kwanza. Dawa inahitaji dakika 20 hadi 30 kushika, kwa hiyo atakapoamka itakuwa imeshakolea. Ukisubiri mwisho, hewa ukaa inaweza kuwa imejipenyeza chini ya ngozi na kwenye misuli, na hewa ni adui wa ultrasaundi.

Ubaya wa kuchoma aliyelala ni kwamba hatakuambia masikio yanavuma wala mdomo unakufa ganzi. Dalili ya kwanza inaweza kuwa mapigo ya moyo yaliyoharibika. Mtu mmoja awe na kazi ya kutazama monita tu.

## Hatua ya 5: Tafuta tabaka ukianzia katikati

Hii ndiyo hatua inayowaangusha wengi, basi twende polepole.

Wengi huweka probu ubavuni moja kwa moja na kuanza kuhesabu misuli: mmoja, miwili, mitatu. Kwa mtu mwembamba utabahatisha. Kwa mama mwenye mwili, tabaka la mafuta lina utando wake katikati, nalo linafanana na msuli. Ukilihesabu kama la kwanza, hesabu yote imeharibika na dawa itaishia tabaka la juu, mahali pasipo na mshipa unaoutafuta.

Fanya hivi. Weka probu kwa kukingama juu ya mstari wa kati wa tumbo, karibu na kitovu. Utaona utepe mweupe katikati, na kila upande msuli mnene wa umbo la yai lililolala. Huo ni msuli nyoofu, unaoshuka kutoka mbavuni hadi kinenani. Sasa sogeza probu taratibu kuelekea ubavuni. Msuli nyoofu utakwisha, pabaki utando mweupe, na nje ya utando huo misuli mitatu itatokea imelaliana kama vitumbua kwenye sahani.

Wa juu ni msuli wa nje. Wa katikati kwa kawaida ndio mnene kuliko wote. Wa chini ni mwembamba na mweusi zaidi. Huo ni msuli wa ndani. Chini yake kuna mstari unaong'aa, utando wa tumbo, na chini ya huo utumbo unajikunyata na kusogea. Ukiona kinachojikunyata, umefika mwisho wa ukuta. Rudi juu msuli mmoja.

Tabaka letu ni ule mstari mweupe kati ya msuli wa kati na wa ndani. Endelea na probu hadi ubavuni, kati ya mbavu za mwisho na mfupa wa nyonga, usawa wa kwapa.

## Hatua ya 6: Ingiza sindano na ufungue tabaka

Safisha ngozi, subiri ikauke. Ingiza sindano sentimita mbili tatu kutoka kwenye probu, upande wa mbele, ielekee nyuma ikiwa imelala sambamba na probu ili uione yote kuanzia shina hadi ncha. Usipoiona ncha, simama. Sogeza probu, si sindano.

Ncha ikifika kwenye ule mstari mweupe, vuta bomba kuangalia damu, kisha sukuma ml 1 au 2 za maji ya chumvi tu. Tazama kioo.

Ukiwa mahali sahihi, mstari unafumbuka kama jicho: ukingo wa juu unabaki juu, wa chini unashuka, katikati panakuwa peusi na pasafi. Msuli wa ndani unasukumwa kwenda chini wote kwa pamoja.

Ukiwa ndani ya msuli, utaona wingu. Msuli unavimba, nyuzi zake zinatawanyika, na hakuna mpaka ulionyooka. Wingu hili nililichoma mimi mwenyewe katika miaka yangu ya mwanzo, ml 10 nzima, nikijipa moyo kwamba dawa "itatafuta njia". Haikutafuta. Mzee wa watu aliamka ameshika ubavu uleule, na nusu ya dozi yake ilikuwa imekwisha. Maji ya chumvi ya majaribio yapo kwa ajili hiyo: ukikosea nayo hujapoteza kitu. Sogeza ncha milimita moja, jaribu tena.

Jicho likishafumbuka, badili bomba uweke dawa. Sukuma taratibu, vuta kuangalia damu kila baada ya ml 5, na fuata kwa macho dawa inavyotandaa. Ikiwa inakataa kuingia au bomba ni gumu, usilazimishe.

Rudia upande wa pili. Usidhani kwa kuwa kulia kumekubali basi kushoto kutafanana.

### Kwa upasuaji wa juu: chini ya mbavu

Weka probu sambamba na ukingo wa mbavu, karibu na chembe. Hapa msuli wa ndani unajitokeza nyuma ya msuli nyoofu. Fungua tabaka kati ya hiyo miwili, kisha sogeza sindano kufuata ukingo wa mbavu kuelekea nje, ukitandaza dawa njiani. Sindano inapita karibu na ini, kwa hiyo ncha isipotee machoni hata sekunde moja.

### Kwa kitovu

Kama mpasuaji hachomi kitovuni, choma nyuma ya msuli nyoofu, juu kidogo ya kitovu, kila upande, kwa sehemu ya zile ml 10 ulizobakiza. Utaona mistari miwili inayong'aa chini ya msuli kama reli. Dawa ikae juu ya reli, chini ya msuli, na imwinue msuli juu. Washa rangi ya damu kwenye mashine kwanza, kwa kuwa mishipa ya damu hupita humo.

## Kama hamna ultrasaundi

Kamera ya upasuaji ni jicho pia. Mpasuaji akiwa ndani, mpunguze mwanga wa thieta, mmoja achome ubavuni kwa sindano butu akisikia mipasuko midogo miwili ya kupenya, mwingine atazame kwenye kioo.

Dawa ikikaa sawa, ukuta wa ndani unavimba kama kilima laini kilichofunikwa na msuli. Ikiwa ni kivimbe chembamba kinachopitisha mwanga, kama lengelenge la moto, mmekwenda ndani mno: dawa iko juu ya utando wa tumbo tu. Vuta sindano nyuma kidogo. Ukiiona ncha yenyewe ndani ya tumbo, hilo halina mjadala, toka.

## Ikitokea sumu ya dawa

Moyo kwenda ovyo, presha kuanguka, degedege, au aliye macho kusema ulimi una ladha ya chuma na masikio yanavuma: acha kuchoma, ita watu, mpe oksijeni asilimia 100. Degedege itulizwe kwa diazepamu au midazolamu.

Anza mafuta ya asilimia 20 mapema: ml 1.5 kwa kilo ndani ya dakika moja, kisha ml 0.25 kwa kilo kila dakika. Kwa mama wetu wa kilo 48 ni ml 72 za kwanza, halafu ml 12 kila dakika. Hali ikigoma, rudia dozi ya kwanza, hadi mara mbili. Jumla isizidi ml 12 kwa kilo.

Adrenalini ipewe kwa dozi ndogo, isizidi maikrogramu 1 kwa kilo kila mara. Propofoli ina mafuta lakini si mbadala. Itaangusha presha zaidi. Moyo ukisimama, endeleeni kukandamiza kifua kwa muda mrefu kuliko mlivyozoea. Dawa hii huachia moyo polepole, na watu wamerudi baada ya muda mrefu.

Hesabu hizi ziandike kwenye karatasi na kuibandika ukutani thieta. Saa ya shida hakuna anayekumbuka.

## Wodini: pima kwa kikohozi

Mgonjwa akizinduka, gusa tumbo kwa pamba yenye spiriti, kisha gusa bega. Akisema tumboni hahisi baridi kama ya begani, ganzi imeshika. Andika imeshika kutoka wapi hadi wapi.

Usitosheke na swali "unaumwa?" Huku kwetu mwanamume aliyepitia jando alifundishwa kutolia mbele za watu, na bibi aliyetoka Newala anaona aibu kumsumbua muuguzi. Watakujibu "nashukuru" huku jasho linawatoka. Mwambie: "Mzee, naomba ukohoe." "Bibi, geukia upande huu." Uso utakujibu. Akikohoa bila kushika tumbo na kujigeuza mwenyewe, umefanikiwa.

Kabla hajasimama mara ya kwanza, mwombe anyooshe goti kila mguu. Dawa ikiteleza chini inaweza kufikia mshipa wa paja, na goti likalegea kwa saa kadhaa. Huisha yenyewe, lakini akianguka njiani kwenda msalani itakuwa balaa jingine. Asindikizwe.

Parasetamoli gramu 1 kila baada ya saa 6 kwa mtu mzima wa kilo 50 na zaidi; aliye chini ya hapo, mg 15 kwa kilo. Diklofenaki au ibuprofeni kama hakuna kizuizi. Morfini ibaki akiba ya maumivu yanayopenya, si ya kuandikwa kwa mazoea.

Ganzi ya bupivakaini hukaa saa 8 hadi 12 hivi. Uliyemchoma saa 4 asubuhi itamwachia kati ya jioni na saa 4 usiku, muuguzi akiwa mmoja na wodi imejaa. Kwa hiyo kwenye faili usiandike "parasetamoli akiumwa". Andika saa: saa 10 jioni, saa 4 usiku, na umwamshe akiwa amelala. Na kama anaruhusiwa jioni hiyo hiyo kupanda gari la Tandahimba, mfungie vidonge kwenye bahasha, andika saa juu yake kwa herufi kubwa, na umsomee anayemsindikiza, si yeye mwenyewe ambaye bado ana usingizi.